Marehemu wa Kiti cha Mbele

“Usishuke.”

“Nina kiu.”

“Nimesema usishuke, Muhuri. Maji nitakuletea mimi.”

Mwanaume alifunga mlango wa gari, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapotelea nyuma ya malori na dumu tupu mkononi. Rejeta ilikuwa inachemka tangu kilomita ishirini nyuma, na kama si hiyo rejeta wasingesimama pale. Bango la kwanza la kituo kile alilipita, la pili akalipita, macho mbele kama mtu anayepita nyumbani kwa wakwe aliowakosea. Mvuke ulipoanza kutoka kwenye boneti ndipo alipokata kona huku akisonya.

Mkewe alibaki kwenye kiti cha mbele, anaangalia bahari kwa mbali. Hilo jina la Muhuri alipewa na huyo huyo mume siku za uchumba, kwa sababu alikuwa karani wa vibali vya mazishi kwenye hospitali kubwa, na vidole vyake havikosi wino wa zambarau. Mume naye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Barabarani walimwita Breki. Kwa nini Breki? Kwa sababu hana, walisema wenzake, na yeye ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote.

Miaka saba ya ndoa, Muhuri aliisikia barabara ile kwenye simu tu. Kila akiomba apelekwe, majibu yalikuwa tayari: lori si basi, bosi hataki, kule si pa wanawake. Halafu wiki tatu zilizopita, bila kuombwa, mume akaja na habari ya gari dogo la kuazima. “Chukua likizo,” akasema. “Nakupeleka ukaone bahari ya nchi ya watu.”

Jamani, furaha aliyokuwa nayo! Alinunua miwani ya jua na kofia pana. Wa kukunja uso alikuwa dada yake mkubwa peke yake, na hata baada ya kuvuka mpaka hakuacha kutuma meseji.

“Mmefika wapi? Mwanaume aliyekunyima barabara miaka saba, leo kakupa bure? Nijulishe kila mnaposimama.”

“Dada, acha hizo. Mtu akipendwa nongwa? Tuko kituo cha malori, rejeta imechemka.”

Alikuwa ndiyo anatuma pale simu ya mume ilipoanza kulia kwenye dashibodi. Mwenyewe aliisahau. Jina lililotokea lilikuwa Mizani.

Huyo Mizani alimzoea. Alipiga wakati wa kula, alipiga Jumapili, na mume hutoka nje kupokea. “Dereva na mizani ni chanda na pete,” aliwahi kuelezwa. “Lori lisipopimwa haliendi.” Sawa. Lakini safari hii hawakuwa na lori.

Simu ikakata. Meseji ikaingia, ikakaa wazi kwenye kioo:

“Umeamka salama? Wazee wanauliza Jumamosi utakuja na nani upande wako.”

Muhuri aliisoma mara mbili. Mizani gani hiyo yenye wazee? Akafungua mlango, akashuka.

Kantini ilikuwa banda refu la bati, feni mbili, meza zilizofunikwa plastiki na harufu ya kitunguu iliyochanganyika na dizeli. Ukutani, karibu na mlango wa jikoni, kulikuwa na ubao wa picha zenye utepe mweusi. Juu yake waliandika: WALIOTUTANGULIA. Kazi ilishamzoesha, akiona orodha ya wafu hapiti bila kusoma. Dereva, dereva, utingo, dereva. Safu ya mwisho kulikuwa na mwanamke mmoja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba yule dada ana gauni kama lake la bluu. Kisha akaliona jino la pembeni lililopanda juu ya mwenzake. Akapeleka ulimi, akalikuta jino lipo hapo hapo mdomoni mwake.

Chini ya picha paliandikwa: Mke wa Breki. Pumzika. Tarehe ilikuwa ya mwaka jana.

“Karibu mwanangu, chai ipo, uji ndiyo unai—”

Mwanamke mfupi mnene wa makamo alikuwa amesimama nyuma yake na birika. Alimwangalia, akaangalia ubao, akamwangalia tena. Akaweka birika mezani taratibu, akamsogelea, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili.

“Samahani mwanangu. Naangalia kama una joto.”

“Ninalo.”

“Una pacha?”

“Sina.”

“Basi kaa chini,” akasema yule mama, “maana mimi miguu imeniisha.” Akawahi yeye kukaa.

Nje lori liliwashwa, likaunguruma, likazima.

“Hapa wananiita Shangazi. Kantini ni yangu. Yule pale ukutani ni marehemu mke wa mkwe wangu. Mkwe mtarajiwa. Jumamosi hii anamuoa binti yangu.”

“Breki?”

“Breki. Unamjua?”

“Ni mume wangu. Yuko nje anachota maji.”

Shangazi alijifunika mdomo kwa upindo wa aproni. Alipoufungua, alikuwa na hasira ya mtu aliyeliwa machozi yake.

“Tumekulilia hapa siku tatu! Jiko nililizima. Madereva wamepanga malori mpaka darajani, wanapiga honi kwa heshima yako. Mimi nimegaragara chini, na goti hili bovu!”

“Poleni, Shangazi,” akasema Muhuri.

“Na usinione mjinga. Mwanaume wa barabarani akikwambia mkewe kafa, unamwambia alete karatasi. Binti yangu hatolewi kwa maneno matupu. Akaleta. Ngoja.”

Aliingia jikoni, akarudi na bahasha ya plastiki. Ndani yake kulikuwa na kibali cha mazishi. Muhuri hakuhitaji kukisoma. Ule wino wa zambarau aliujua. Sahihi aliijua pia, mkia wake unaopanda juu kama unataka kukimbia. Ilikuwa sahihi yake. Jina la marehemu na tarehe tu ndivyo vilivyoandikwa kwa mkono mwingine, mkono ule ule unaomwachia vikaratasi juu ya friji: nimeondoka, usiku mwema.

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unamuumbua. Ofisini kwao foleni ya Jumatatu ilikuwa ya kutisha. Wafiwa wanasimama toka alfajiri, maiti inasubiri. Kwa huruma yake, Muhuri alikuwa anabeba bloku nzima ya fomu tupu kila Ijumaa, anazisaini na kuzigonga mihuri nyumbani, ili Jumatatu iwe kujaza jina tu. Sheria inakataza. Mkuu wake alijua na akafumba macho. Mume ndiye aliyekuwa akimsaidia pale mezani, anachana kwenye vitobo, fomu moja moja, huku akimtania: “Wiki ijayo unatuulia wangapi?” Wote wawili wakicheka.

“Hii ni sahihi yangu,” akasema.

“Unasema?”

“Kifo changu nimekisaini mimi mwenyewe, Shangazi.”

Shangazi aliangalia mlangoni, akashusha sauti.

“Nikwambie jingine? Wiki mbili zilizopita alikuja bila lori. Akaenda kusimama kule mbele kwenye kona za majabali. Binti yangu akamfuata na chupa ya chai, akamkuta anatupa mawe chini, anasikiliza yanachukua muda gani kufika. Akamwambia anamuwaza marehemu. Mtoto karudi analia, ‘Mama, jinsi anavyompenda!’ Mwanangu, usirudi kwenye hiyo gari.”

“Pasipoti yangu iko mfukoni mwake. Alisema mimi msahaulifu.”

“Pasipoti inatafutwa.”

“Na nataka nisikie kwa mdomo wake.”

“Wanawake wanaotaka kusikia ndio wanaozikwa.”

“Mimi nimeshazikwa,” akasema Muhuri, akasimama. “Kuna lori linaloelekea kule konani?”

“Nitatuma vijana wawili wawe nyuma yenu. Sitaki kusikia hapana.”

“Sijasema hapana.”

Alipotoka, alimkuta mume ameshajaza rejeta, amechuchumaa kwenye mlango wa abiria, bisibisi mkononi. Mume aliruka kama kaguswa na moto.

“Nilikwambia usishuke!”

“Choo, mume wangu. Siku hizi na choo kinaombewa kibali?”

“Umeongea na nani?”

“Niongee na nani, namjua nani huku? Unafanya nini?”

“Mlango ulikuwa unapiga kelele. Nimeukaza.”

Toka jana walipoondoka, mlango ule haukupiga kelele hata mara moja. Muhuri aliitikia kwa kichwa, akazunguka mbele ya gari, akafungua upande wa dereva, akakaa. Ufunguo ulikuwa pale pale kwenye swichi.

“Leo naendesha mimi.”

“Shuka huko, usilete utani.”

“Si ulinifundisha mwenyewe? Umeendesha toka mpakani, umechoka. Ingia.”

“Muhuri. Shuka.”

Wakati huo madereva wanne walikuwa wametoka kantini na vikombe vyao, wanaangalia. Shangazi naye alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Breki aliwaona, akavuta kofia chini zaidi.

“Haya, endesha. Mimi nakaa nyuma, nijinyooshe mgongo.”

“Nyuma kama mheshimiwa? Watu watasema nimeajiriwa. Kaa mbele tuone bahari wote.”

“Nyuma panatosha.”

Nyuma palijaa masanduku mawili, dumu la maji na mto wa kulalia. Hata paka asingepata pa kujikunja.

“Breki!” mmoja wa madereva akaita. “Ni wewe? Mbona unajificha, bwana harusi?”

Hapo mume hakuwa na ujanja. Aliingia kiti cha mbele, akauvuta mlango taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga chumba alicholala mtoto mchanga. Muhuri aliondoa gari.

Kilomita tano za mwanzo barabara ilinyooka. Bahari ilikuwa kushoto, upande wa mume, na kila walivyosonga mbele ndivyo ilivyozidi kwenda chini. Muhuri aligundua kwamba mumewe ameegemea kwake kiasi cha bega kugusana na bega. Miaka saba hakuwahi kumsogelea hivyo garini. Mkono mmoja umeshika dashibodi, mwingine umeshika kiti.

“Mizani wamepiga,” akasema.

“Umeshika simu yangu?”

“Imelia mbele ya macho yangu. Wanauliza Jumamosi utakuja na nani upande wako.”

Mume alikaza macho barabarani.

“Punguza mwendo,” akasema mume.

“Kwenye ule ubao nimependeza. Ni harusi ya dada ile, umemkata bega lake. Akijua atakasirika.”

Kona ya kwanza ilikuwa ndogo, inapinda kushoto. Mume alivuta pumzi na hakuitoa mpaka gari liliponyooka.

“Simamisha gari tuongee kama watu wazima.”

“Tunaongea. Mimi nauliza, wewe unajibu. Ulianzaje kuniua?”

“Usiseme hivyo.”

“Ulianzaje?”

“Nilichelewesha mzigo siku mbili,” akasema mume, maneno yanamtoka kwa kusukumwa. “Nilikuwa... nilikuwa pale kantini. Bosi akasema nimefukuzwa. Nikamwambia nimefiwa.”

“Si ungemuua bibi yako kama watu wote?”

“Bibi nilishamuua mara mbili.”

“Mjomba?”

“Mjomba alikufa mwaka juzi. Bosi akasema safari hii anataka karatasi.”

Muhuri alikaribia kucheka, na hicho ndicho kilichomtisha. Huyu ndiye mwanaume aliyempenda, huyu anayechekesha hata akiwa anakiri. Alimpenda toka siku aliyokuja dirishani kuchukua kibali cha mazishi cha baba yake, akamwambia, “Una mwandiko mzuri, unanifanya nione wivu na marehemu.” Bado alimpenda. Moyo hauna adabu.

“Na mama yako je? Kwa nini hukuandika jina la mama yako?”

“Mama hapana!” Alishtuka kabisa. “Mama siwezi kumtabiria, mkosi huo.”

“Mimi ukaweza.”

Kati ya yote aliyoyasikia siku ile, ubao, kibali, Jumamosi, hakuna lililomuuma Muhuri kama hilo. Mama ni mkosi, mke ni karatasi. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiwiko bila kuachia usukani.

Kona ya pili. Jabali kulia, kushoto vijiwe vyeupe vya kuzuia gari, vingine vimeng'oka. Kwenye kioo cha nyuma aliona lori la bluu limetokeza kwa mbali.

“Si ungeniacha tu? Ungenipa talaka yangu, nikarudi kwa dada.”

“Ningewaambia nini? Kwamba nimempa talaka marehemu?”

“Ukaona bora—”

“Yule binti alitaka tukishaoana ahamie kwetu! Kwetu, Muhuri! Ningekuweka wapi?”

“Punguza sauti, naendesha.”

“Wewe punguza mwendo! Ile mbele inapinda kulia, inarusha. Usiingie hivyo, nakwambia, mimi ndiye naijua barabara hii!”

“Nani inamrusha?”

“Punguza!”

“Ikipinda kulia inamrusha abiria, si ndiyo? Aliyekaa hapo ulipokaa.”

“Muhuri, mlango—”

“Mlango una nini, mume wangu? Si umeukaza?”

Alimwona kwa pembeni ya jicho. Alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa kucha, jasho linachuruzika kwenye masikio, miguu ameibana kwenye sakafu. Aliuogopa mlango kama nyoka. Na hapo Muhuri akaelewa kile kilichokuwa kinaandaliwa wakati yeye anasoma kifo chake ukutani. Mkanda wa kiti kile haufungi, mume alimwambia toka jana, gari la kuazima halina uchaguzi. Kiti kile kilikuwa chake.

Mguu wa kulia ulikuwa juu ya mafuta. Kona ilikuwa inakuja. Hakuna ambaye angemuuliza. Mwanaume kalegeza mlango mwenyewe, kaanguka mwenyewe, na mke aliyekuwa anaendesha ameshakufa tangu mwaka jana. Alimchukia wakati ule kwa mwili mzima. Tusimpambe: alitaka. Alihesabu mpaka tatu akiwa anataka.

“Sema,” akamwambia. “Sema ulichofanya.”

“Nimetoa skrubu! Nimelegeza kitasa! Simamisha, nakuomba, simamisha, nitakufa!”

Alikanyaga breki. Gari liliserereka, likayumba, likasimama katikati ya kona. Mlango wa abiria ukajifungua wenyewe, polepole, mpaka mwisho. Nje yake hapakuwa na kitu. Upepo uliingia, ukainyanyua kofia ya mume kichwani, ukatoka nayo. Walikaa wakisikiliza, na hawakuisikia ikifika.

“Nisingefanya,” akasema mume huku analia. “Wallahi nisingefanya. Ningeukaza hapo mbele.”

“Skrubu ziko wapi?”

Alizitoa mfuko wa shati, tatu, zikigongana mkononi. Pasipoti zilikuwa mfuko huo huo.

“Na pasipoti yangu.”

Akampa.

Muhuri alichomoa ufunguo, akashuka upande wake, akasimama barabarani. Mume alilazimika kutambaa juu ya usukani kutoka, maana upande wa pili alishaufanya usishukike. Alipofika chini alipiga magoti, akamshika mkewe vifundo vya miguu.

“Nipige. Nitukane. Usiniache hapa.”

“Nikutukane nipate nini?”

“Ulikuwa uongo mdogo tu! Ukakua. Kila mtu ananipa pole, kila mtu ananihurumia, na mimi nikaanza... nikaanza kukuzoea hivyo. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakukuta, nashtuka.”

“Ulikuwa unashtuka kunikuta hai.”

“Ndiyo,” akasema, kwa sauti ya chini kabisa, na huenda lilikuwa neno la kweli pekee alilompa mwaka ule.

Lori la bluu lilisimama nyuma yao. Wanaume wawili wakashuka, wakaangalia ule mlango ulio wazi, wakaangalia chini, kisha wakamwangalia Breki. Hakuna aliyemsalimia. Mmoja alivua koti lake, akamfunika Muhuri mabegani. “Shemeji,” akasema, “tulikupigia honi siku tatu.”

Muhuri alimwangalia mume mara ya mwisho. Bila kofia alionekana mdogo, na upara ulianza katikati ya kichwa.

“Ulitaka kufiwa na mkeo,” akamwambia. “Haya. Umefiwa.”

Akapanda lori.

Kantini aliwakuta wamesimama wote. Binti wa Shangazi alikuwa juu ya kiti, anang'oa picha kwenye ubao kwa kisu cha jikoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, macho yamevimba. Alishuka, akasogea hatua mbili, hakuthubutu ya tatu.

“Dada, sikujua. Kila siku nilikuwa nakuombea upumzike.”

“Nimepumzika vya kutosha,” akasema Muhuri.

“Ananipigia sasa hivi. Kapiga mara tisa.”

“Pokea.”

“Nimwambie nini?”

“Muulize Jumamosi atakuja na nani upande wake.”

Binti hakupokea. Alichukua simu, akaenda nje, akawapigia polisi mwenyewe, akawaeleza habari ya yale mawe kwa kina, jiwe kwa jiwe. Walimkuta Breki bado yuko konani, amekaa juu ya kijiwe cheupe. Ule mlango waliubeba kama ushahidi.

Muhuri alimwandikia dada yake: “Ulikuwa sahihi. Niko hai. Njoo unichukue mpakani.” Majibu yalikuja kabla hajaweka simu chini: “Nimeshaingia kwenye basi tangu uliposema rejeta.”

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa mkuu wa kitengo cha kumbukumbu, amesimama. Kibali kilikuwa mezani. Shangazi alimrudishia, akasema mali ya mtu ni ya mtu. Mkuu alikigeuza mbele na nyuma.

“Unajua nikilipeleka hili juu, wewe kazi huna.”

“Najua.”

“Na mimi naulizwa kwa nini nilifumba macho.”

“Najua, mzee.”

“Sasa sikiliza, mwanangu. Jamaa yuko ndani huko huko, kesi ya mlango inamtosha. Hii karatasi hakuna anayeiulizia. Chana, tunywe chai, Ijumaa usirudie.”

“Mume wangu alichukua fomu moja na sikujua mwaka mzima.”

“Ndiyo maana nakwambia—”

“Nimesaini kila Ijumaa miaka sita. Bloku zikirudi zinakaa kaunta wiki nzima, kila mtu anapita. Zimechukuliwa ngapi?”

Mkuu aliweka kibali chini.

“Kila aliyefia hapa lazima apite mochwari,” akaendelea Muhuri. “Nakala ya kibali kilichotumika hurudi kwangu, naiandika daftarini. Nipe daftari la mochwari nilinganishe na langu. Nikimaliza, nifukuze.”

Walilinganisha wote wawili, vichwa vimekaribiana, yeye anasoma jina, mkuu anatafuta kwa kidole. Januari ilikuwa safi. Februari akatokea mmoja, yumo kwenye daftari la vibali, mochwari hawamjui. Machi wawili. Kufika saa sita walikuwa na majina manne. Matatu yalikuwa ya wanawake, na aliyeandikisha kila kifo ni mume.

Mkuu aliinuka, akafunga mlango wa ofisi. Aliporudi kitini, alisogeza simu ya mezani mbele ya Muhuri.

“Mafaili yao ya wagonjwa yana namba za simu?”

“Yanazo.”

“Anza na wa Februari.”

Muhuri alibonyeza namba. Simu iliita sana. Alikuwa anataka kukata ndipo ikapokelewa, na sauti ya mwanamke, changamfu, yenye kelele za vyombo nyuma yake, ikasema:

“Haloo?”

Alitaja jina lililoandikwa kwenye kibali. “Naongea naye?”

“Ndiye mimi. Nani mwenzangu?”

“Napiga kutoka hospitali kubwa, kumbukumbu. Mama, hapo ulipo uko peke yako?”

“Hapana, niko na mume wangu, anakula. Kwani kuna nini? Nikupe uongee naye?”

“Usimpe,” akasema Muhuri. “Toka nje kwanza.”